Somo: Kuchagua vifaa vya kumwagilia bustani vitakavyodumu kuliko kiangazi kimoja

Kwa mtu anayelima lengalenga (mchicha) na matembele uani mwake hapa Lubumbashi, kifaa cha kumwagilia hakipumziki. Tangu Mei hadi Septemba mvua hukatika karibu kabisa, na Oktoba, joto likiwa limekwisha kupanda, mara nyingi bado tunatazama mawingu tu. Kwa muda huo wote kifaa hukaa chini ya jua la uwanda ulio kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua hilo huichakaza plastiki upesi. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza urefu wa mpira wa maji na bei yake, ilhali vifaa vingi hufia kwenye maungio. Ndiyo maana ningependa tufuate mpangilio mwingine.

Hatua ya kwanza: fahamu wingi wa maji na nguvu yake

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mboga za majani wakati wa kiangazi huhitaji takriban lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo tuta la mita 1 kwa 10 hunywa kama lita 50, yaani makopo 5 ya lita 10. Mwenye matuta mawili karibu na kisima hahitaji mpira. Makopo mawili mazuri yatamtosha, na fedha iliyobaki ainunulie mbolea.

Mwenye tangi juu ya jukwaa akumbuke kwamba kimo cha mita 10 ndicho kinachotoa msukumo wa takriban bar 1. Tangi lililoinuliwa mita 2 hutoa bar 0.2 tu, na msukumo huo hauwezi kuendesha bastola ya kunyunyizia wala kinyunyizio kinachozunguka, hata kiwe cha bei gani.

Hatua ya pili: kopo la kumwagilia

Kopo la bati lililopakwa zinki hustahimili jua kuliko la plastiki, na likitoboka hutengenezeka. Kabla ya kulipa, omba lijazwe maji na liachwe juu ya karatasi kavu wakati mnaendelea kuongea bei, kwa sababu mshono mbovu hujitangaza wenyewe. Tazama pia mahali mdomo mrefu unapoungana na tumbo la kopo: pasipokuwa na mshipi wa kushikilia, hapo ndipo patakapopasuka. Kichwa chenye matundu kiwe cha kuchomoka, ili kiweze kusafishwa mchanga na majani.

Zinki ina adui wawili, asidi na maji ya majivu, hivyo mbolea ya maji na maji yaliyolowekwa majivu yawekwe katika kopo la plastiki lililotengwa kwa kazi hiyo. Kuhusu ukubwa, lita 10 ni kilo 10 kabla ya kuhesabu kopo lenyewe. Kubeba makopo mawili ya lita 8, moja kila mkono, huuchosha mgongo kidogo kuliko kubeba moja kubwa upande mmoja.

Hatua ya tatu: mpira

Tazama ncha iliyokatwa. Mpira wa tabaka moja, unaopenyeza mwanga, utakakamaa na kupasuka. Wenye kudumu huonyesha tabaka kadhaa na wavu wa nyuzi katikati yake. Ukunje kwa mkono: ukivunjika na kufunga njia ya maji mara moja dukani, utafanya hivyo kila siku kwenye kona ya nyumba, na palipokunjika ndipo utakapotoboka. Mabomba magumu ya plastiki nyeusi hustahimili jua kwa sababu ya unga wa kaboni uliochanganywa ndani yake, kwa hiyo yanafaa kwa njia isiyohamishwa, kwa mfano kutoka kisimani hadi mwisho wa kiwanja.

Kipenyo cha ndani nacho kina uzito wake. Mpira wa milimita 19 una eneo la uwazi linalozidi mara mbili lile la mpira wa milimita 12.5, na pale ambapo msukumo ni mdogo tofauti hiyo huonekana wazi. Usinunue mita 50 ikiwa bustani iko mita 20 kutoka kwenye robine (bomba la kufungulia maji), kwani kila mita ya ziada huiba nguvu ya maji.

Hatua ya nne: maungio, ambako fedha inastahili kwenda

Ningemshauri mnunuzi mwenye fedha kidogo achukue mpira wa wastani na maungio bora, wala si kinyume chake. Maungio ya plastiki hupoteza meno baada ya kufungwa na kufunguliwa mara nyingi. Ya shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hudumu miaka; nasi tunaoishi karibu na Kipushi, palipochimbwa madini yote mawili, hatuna udhuru wa kudanganywa na chuma kilichong'arishwa. Beba sumaku ndogo: ikinata, hicho ni chuma. Isiponata, kikwaruze kidogo upande wa ndani, na pakionekana weupe chini ya rangi ya njano, hiyo si shaba.

Usiunganishe shaba na aluminiamu, kwa maana aluminiamu italiwa na kutu mpaka viwili hivyo vishikane visifunguke tena. Vibano viwe vya chuma kisichoshika kutu. Nunua pia pete za mpira za akiba siku ileile, kwa sababu uvujaji mwingi wa kwenye robine hutokana na pete iliyochakaa, nayo ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Hatua ya tano ni fupi: baada ya kazi, mwaga maji yaliyobaki, zungusha mpira katika duara pana na uuweke kivulini. Usiutundike kwenye msumari mmoja.

Maswali na majibu

Mama mmoja wa Katuba anauliza: kopo langu la bati limetoboka chini. Je, nimpelekee fundi wa kuchomelea?

Jibu: Hapana, mama. Mpelekee fundi anayeziba kwa risasi ya kulehemu na moto mdogo. Kuchomelea kwa umeme huunguza zinki, na moshi wake humletea fundi homa na kikohozi. Tena pale zinki ilipoungua, kutu itarudi haraka.

Papa mmoja wa Ruashi anauliza: nimeweka mfumo wa matone kutoka kisimani, lakini matundu yanaziba kila mara. Je, mirija ni mibovu?

Jibu: Inawezekana mirija haina kosa. Maji yakiacha utando wa rangi ya kutu kwenye ndoo nyeupe, yana chuma ndani yake. Yaache usiku kucha katika pipa lililo wazi ili chuma kitue, chota sehemu ya juu tu, kisha uyapitishe kwenye chujio kabla ya kuingia mirijani. Fungua ncha za mirija mara kwa mara ili kusukuma uchafu nje.

Ndugu wa Kampemba anauliza: sokoni kuna mapipa ya plastiki ya lita 200 yaliyotoka migodini, imara na ya bei nzuri. Je, yanafaa kuhifadhia maji ya bustani?

Jibu: Uimara wa pipa hauna shaka, ila swali ni lilibeba nini. Pipa ambalo muuzaji hawezi kueleza lilichobeba, au ambalo kibandiko chake kimekwanguliwa, liache hapo hapo, kwa sababu plastiki hufyonza kemikali na kuzitoa polepole, na kuosha kwa sabuni hakuziondoi. Tafuta lililobeba mafuta ya kula au sharubati, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ulifunike ili mbu wasizaliane ndani.