Kutafakari ukiwa ndani ya matatu, kwenye foleni na bombani

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia wifi yangu, karani anayetoka Kayole kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku akisubiriwa na watoto na sufuria tupu. Alikuwa ameshauriwa akae kimya dakika 45 kila siku. Muda huo unatokana na mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani: wiki 8, na zoezi la nyumbani la takriban dakika 45 kwa siku. Wanaoyasimulia huacha upande mmoja. Mafunzo hayo hayo humtaka mwanafunzi achague pia shughuli za kawaida, kama kula au kuosha vyombo, azifanye kwa umakini wake wote. Upande huo ndio ninaoufundisha, na kwa mtu wa Nairobi mwenye pilkapilka nauona ndio wa kuanzia.

Kutafakari ninakozungumzia ni hivi: unaweka umakini mahali pamoja, unatambua ukihama, unaurudisha.

Hatua ya 1: Chagua shughuli moja

Iwe ile unayoifanya kila siku hata usipotaka. Moja tu. Wifi alichagua matatu ya asubuhi.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kurudi

Hapa ndipo wengi hukwama na kuacha kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karibu kila anayefundisha atakwambia ufuate pumzi. Chumbani ni sawa. Ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, moshi wa dizeli ukiingia dirishani, hutaki kuvuta pumzi ndefu hata kidogo. Isitoshe, kuna watu ambao wakianza tu kuiangalia pumzi, huanza kuivuta kwa nguvu. Inaacha kwenda yenyewe, kifua kinabana, wanahisi hewa haitoshi. Wifi alikuwa hivyo, akadhani ana ugonjwa wa moyo. Hakuwa nao, tulipoiacha pumzi, kubanwa kukaisha. (Lakini kifua kikikubana hata usipotafakari, nenda hospitalini, usinisikilize mimi.)

Mahali ninapopapendelea ni nyayo. Sikia uzito wa miguu juu ya sakafu, kisigino, vidole ndani ya kiatu, mtetemo wa injini unaopanda kupitia chuma. Ukiwa umeketi, ongeza makalio yanavyogusa kiti. Kama muziki ni wa kutikisa madirisha, usipigane nao: besi ile utaisikia mgongoni kabla ya kuisikia masikioni, basi kaa na mgongo.

Macho yabaki wazi. Hili silegezi kwa yeyote. Yatue chini kidogo, kwenye kiti cha mbele, bila kukodoa. Anayefumba macho asubuhi mjini hupitishwa steji yake, na simu yake hupata mwenyewe mwingine.

Tahadhari nyingine, kwa sababu nimeona inahitajika. Kama uliwahi kuibiwa au kupata ajali ndani ya matatu, kuutuliza mwili humo kunaweza kukurudishia hofu ile yote. Ukiona mikono inatoka jasho au moyo unakwenda mbio, acha kuusikiliza mwili. Tazama nje, utaje kimoyomoyo unachokiona: mkokoteni, bango, mama wa chapati, ukuta wa buluu. Hiyo nayo ni tafakuri kamili. Hofu ikirudi kila siku, mwone mshauri nasaha; foleni na matatu si mahali pa kuitibu peke yako.

Na ukiwa dereva, au umepanda bodaboda, usifanye zoezi hili. Umakini wako wote ni wa barabara.

Hatua ya 3: Lipa kwanza

Nauli mkononi, chenji irudi, mkoba mapajani, simu ndani ya mkoba mbali na dirisha. Usianze kabla makanga hajamalizana nawe, la sivyo utatafakari huku ukingoja kuguswa bega.

Hatua ya 4: Hesabu kwa pingili

Sipendi programu za simu kwa kazi hii. Zinakutaka utoe simu, uweke vipokea sauti masikioni, uache kusikia steji ikitajwa, kisha ujumbe wa ofisini unaingia na asubuhi imekwisha. Mkono unatosha. Tumia kidole gumba kugusa pingili za vidole vinne, tatu kwa kila kidole. Hizo ni 12. Kila pumzi itokayo, pingili moja. Huichungi pumzi wala huirefushi, unaihesabu tu inapopita. Na kama hata kuihesabu kunakubana, hesabu mitikisiko ya gari. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama dakika moja au pungufu. Mizunguko mitatu kwa kuanzia. Hakuna abiria atakayejua unafanya nini.

Hatua ya 5: Ukihama, rudi

Utajikuta kwenye karo ya shule. Rudi kwenye nyayo, anza pingili ya kwanza. Bila kujikaripia.

Hatua ya 6: Ongeza shughuli ya pili

Fanya hivyo pale ya kwanza inapokuja yenyewe, kabla hujaikumbuka. Kwa wanaoishi kwenye mtaa wenye mgao wa maji, siku ya kuteka maji ndiyo naipenda kuliko zote. Mtungi ukijaa, sauti ya maji hupanda, kwa sababu nafasi ya hewa ndani inazidi kuwa fupi. Ifuate sauti hiyo kutoka chini hadi shingoni mwa mtungi, mtungi baada ya mtungi. Masikio yana kazi, akili haina pa kukimbilia, na huhitaji kuhesabu chochote.

Kwenye foleni ya benki au kwa ajenti wa M-Pesa, rudi kwenye nyayo: hamisha uzito polepole kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto, ukisikia kila unapobadilika. Pesa zikishaanza kuhesabiwa, acha. Hesabu pesa.

Jioni, kama umechoka sana, usifanyie ndani ya matatu. Utalala upitwe na steji. Ngoja vyombo. Maji ya beseni, povu, ukingo wa sahani chini ya vidole. Ukianza na sahani mbili tu kwa utulivu, zinazobaki zioshe upesi ukalale.