Kamera mbili za analogi: jua fildi ni witiri au shufwa kabla hujaswichi

Mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi mnaofunga kamera za analogi kwenye maghala ya korosho, picha ikiruka kila ukihama kamera moja kwenda nyingine msikimbilie kulaumu waya, angalieni fildi kwanza, yaani nusu ya picha yenye mistari ya namba witiri (1, 3, 5) au shufwa (2, 4, 6).

Huku tunatumia PAL, mfumo wa video ya analogi, fremu (picha nzima) 25 kwa sekunde, kila fremu ina fildi mbili, ya witiri na ya shufwa, kwa hiyo fildi 50 na kila moja milisekunde 20. Mistari 625 gawa kwa mbili unapata 312 na nusu, na hiyo nusu ndo kila kitu: fildi moja pigo la wima (ishara ya kuanza fildi mpya) linaanza sawa na mwanzo wa mstari, nyingine linaanza katikati ya mstari, tofauti ya mikrosekunde 32, TV inajua ipi ni ipi kwa hilo tu. Sasa kamera A imemaliza witiri, umeswichi, B nayo inaanza witiri, lazima picha itikisike.

Kupima tafuta chipu LM1881, inayochomoa mapigo hayo kwenye video, moja kwa kila kamera. Video ipite kapasita ya mikrofaradi 0.1 iingie pini 2, pini 6 rezista ya kilo-ohm 680 pamoja na kapasita ya 0.1 kwenda graundi, pini 4 graundi, pini 8 volti 5. Ohm 75 iwe moja tu mwisho wa waya, ukiweka mbili siginali inashuka. Pini 3 inatoa pigo la wima, pini 7 inakuwa juu fildi ya witiri na chini fildi ya shufwa. Pini 3 ya B ikishuka, Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) isubiri milisekunde 10 ifike katikati ya fildi halafu isome pini 7 zote mbili. Zikifanana swichi fildi inapoisha, zikipishana usiswichi. Pini 7 ikiganda tu, hiyo kamera haina intalesi (haibadilishi fildi ya witiri na ya shufwa), usihangaike nayo.

Kamera za AC volti 24 zinazofuata umeme wa ukutani hapo muwe makini sana jamani, maana zinafuata hezi 50 tu, pigo la wima linaweza kulingana kabisa na bado moja iko witiri nyingine shufwa. Na ghala likiwa na fezi tatu, kamera zilizo fezi tofauti zinapishana karibu milisekunde 6.7, zungusha kile kiskrubu cha V-phase kinachosogeza pigo la wima mpaka pini 3 zilingane, kisha pini 7 zikiwa bado zinapishana zima kamera moja uwashe tena, upime upya.