Somo: Kushona gauni la kitenge kwa patani ya bahasha

Nazungumzia patani za karatasi (vielelezo vya kufuatisha unapokata kitambaa) zinazouzwa tayari ndani ya bahasha, za Simplicity, McCall's, Burda na wenzao, pamoja na zile unazonunua mtandaoni ukachapisha mwenyewe. Mfano wetu ni gauni la kawaida: dati mbili za kifua (mikunjo ya kushonwa inayochongoka, ya kulipa gauni umbo), mkono mfupi, mshono kiunoni, sketi ya kumwagika kidogo, zipu mgongoni. Anayeweza kunyoosha mshono analiweza. Kazi yenyewe iko mezani kabla cherehani haijafunguliwa, na ndiko nitakakokaa zaidi.

1. Jipime, namba ya dukani iache hukohuko. Patani zina saizi zake. Saizi 18 ya Simplicity au McCall's ni ya kifua inchi 40, kiuno 32, hipsi 42. Saizi 20 ni 42, 34 na 44. Mtu anayenunua 14 dukani anaweza kuangukia hapo, na asinune, maana namba hiyo hakuna atakayeiona. Chukua kipimo cha kifua penye ujazo, kiuno na hipsi. Ongeza na kifua cha juu: futi ipite chini ya makwapa, juu ya matiti. Hicho cha mwisho wengi hukiruka, kumbe ndicho chenye siri. Patani hizi kwa kawaida huchorwa kwa matiti ya kadiri, kikombe B cha sidiria. Kama kifua kamili kimezidi cha juu kwa zaidi ya inchi 2, chagua saizi kwa kipimo cha juu, halafu upanue kipande cha mbele tu. Ukichagua kwa kifua kamili, kifua kitaenea lakini mabega yatadondoka na shingo itapwaya.

Kifua 40, kiuno 32 na hipsi 44? Kata 18 juu, na kuanzia kiunoni mstari uteremke taratibu hadi kwenye 20.

2. Soma mgongo wa bahasha. Jedwali la kitambaa huwa na safu mbili: upana wa inchi 45 na wa inchi 60. Kitenge chetu kiko kwenye 45. Ila kama maua au ndege wa kitenge wanatazama upande mmoja, vipande vyote lazima vielekee upande huo, na kipimo cha bahasha hakitatosha. Mimi huongeza nusu mita, na picha zikiwa kubwa sana, mita nzima.

3. Nafasi ya mshono. Hapa ndipo fundi aliyezoea kukata kwa vipimo hujikwaa. Patani za Simplicity, McCall's na Butterick huwa zimeshaweka sentimita 1.5 za kushonea. Ukiongeza na zako, gauni linakuwa gunia. Patani za ndani ya jarida la Burda hazina nafasi hiyo, inabidi uiongeze mwenyewe. Soma maelezo kabla ya kushika mkasi.

4. Jaribio. Nyoosha karatasi kwa pasi ya vuguvugu isiyo na maji, kisha uinakili saizi yako kwenye karatasi ya kaki. Ile halisi usiikate, mwakani utaitaka saizi nyingine. Shona sehemu ya juu peke yake kwa marekani au shuka kuukuu. Vaa, kaa, inua mikono. Ncha ya dati iishie kabla ya chuchu, isiipite. Masahihisho yote yahamishie kwenye karatasi.

5. Kukata. Kitenge kiloweke kwanza, kikauke, kipigwe pasi. Wanga wa kiwandani utoke na kama kinarudi kirudi sasa. Kila kipande kina mshale mrefu. Pima kutoka kila ncha ya mshale hadi ukingo wa kitambaa: vipimo viwili vilingane sawasawa. Mshale ukipinda, sketi itajizungusha mwilini. Kipande cha mbele nakikata kitambaa kikiwa wazi, si cha kukunja, ili nione picha zinakaa wapi. Kitenge cha maduara makubwa usipokiangalia, maduara mawili yatatua palepale kifuani, na harusini watu watapata la kusema.

Vialama vya pembetatu vikatie kwa nje. Kwenye mkono, kimoja ni mbele, viwili ni nyuma.

6. Kushona. Sindano namba 14, hatua ya mshono (urefu wa tundu hadi tundu) mm 2.5. Piga kwanza mshono mmoja kuzunguka shingo ili isivutike. Kisha dati, mabega, kipande cha ndani cha shingo, ubavu, sketi, kiuno, zipu, mikono. Kila mshono uupige pasi kabla haujakutana na mwingine. Zipu ishikilie kwanza kwa bandi, yaani mshono wa muda wa mkono. Gauni litundike usiku mzima ndipo ukunje pindo.

Maswali ya wanachama

Kutoka Tanga: *Shikamoo fundi. Patani nimechapisha steshenari, gauni limetoka dogo wakati nilijipima vizuri.*

Marahaba. Kompyuta yao imebana kurasa zienee kwenye karatasi. Waambie wachague ukubwa halisi, asilimia 100, na wachapishe kwanza ukurasa wenye mraba wa kipimo. Upime kwa rula hapohapo dukani. Ukipungua hata kidogo, usilipie kurasa zilizobaki.

Kutoka Morogoro: *Mimi mfupi. Nikate chini tu?*

Hapana, dada. Pima kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi kiunoni, ulinganishe na patani. Tafuta mistari miwili iliyokaribiana inayokatiza kipande. Hapo ndipo pa kukunjia karatasi. Ukipunguza pindo peke yake, kiuno cha gauni kitakaa kwenye hipsi zako.

Kutoka Mombasa: *Cherehani yangu ya kukanyaga haina zigizaga wala sina ovaloki. Ndani nimalizie vipi?*

Kwa kitenge chepesi, weka upande wa nyuma kwa nyuma, shona kwa sm 0.9, punguza ukingo ubaki sm 0.3. Geuza, upande wa uso kwa uso, shona tena kwa sm 0.6. Jumla ni zilezile 1.5, na nyuzi zote zimefungiwa ndani. Kwenye kwapa usijaribu, patakuwa pazito. Hapo kunja ukingo na uushone kwa mkono.

Kutoka Mwanza: *Nakata kwa futi na chaki miaka yote, wateja hawalalamiki. Patani ya nini?*

Kama gauni ni lilelile, endelea kaka, utamaliza kabla mimi sijanyoosha karatasi. Faida yake iko kwenye kola na mkono. Kichwa cha mkono kwenye patani ni kirefu kuliko tundu la kwapa kwa makusudi, ili bega lijae. Piga mistari miwili ya hatua ndefu kati ya vialama, vuta nyuzi kidogo kidogo mpaka kichwa kilingane na tundu, na usiruhusu kikunjo hata kimoja. Shona upande wa mkono ukiwa juu, uuone.