Njoo darasani na bomba la dawa

Somo langu la tafsiri kwa wanaojifunza kuandika miongozo ya kutumia vifaa halianzi na nadharia. Naingia na bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia zabibu, nimelijaza maji matupu. Hapa Dodoma haliwi geni. Waliokulia Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu, wamelibeba tangu utotoni.

Chukua maagizo sita ya Kiingereza, yasizidi. Wagawe watatu watatu. Wa kwanza atafsiri. Wa pili, ambaye hajakiona Kiingereza cha awali, airudishe tafsiri hiyo kwa Kiingereza. Wa tatu ashike bomba na kufanya kile tu kilichoandikwa kwa Kiswahili, asitumie uzoefu wake.

Muhula uliopita tuliumbuliwa na neno "replace", ambalo ni kurudisha kitu mahali pake au kuweka kipya. Kundi moja likaandika: "Ukishajaza maji, badilisha kifuniko." Mshika bomba akafungua, akabaki nacho mkononi: "Mwalimu, kipya kiko wapi?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nilimkumbuka baba mdogo, aliyewahi kwenda mpaka soko la Majengo kutafuta kifuniko wakati chake ni kizima.

Usiwaache waishie kurekebisha tafsiri. Wao ni waandishi, kwa hiyo warudi kwenye Kiingereza na kukiandika upya, kiseme wazi: rudisha kifuniko, ukikaze. Vivyo hivyo kwa "it". Agizo likitaja tangi na mpira kisha likasema "clean it", Kiingereza kinapita salama, lakini Kiswahili kinadai jibu: ulisafishe au uusafishe?

Kiswahili nacho kina mitego yake, tusijisifu. "Suuza tangi mara moja." Kundi moja lilisuuza pale pale, jingine likasuuza mara moja tu likaacha. Siku hizi tunaandika "papo hapo", au tunataja idadi: mara 3.

Saa ndiyo mbaya zaidi. "9 a.m." imewahi kuletwa kwangu kama "saa 9 asubuhi". Ni saa 3, na salfa, dawa ya ukungu wa zabibu, ikipigwa jua likishakuwa kali huunguza majani.

Angalia pia mpangilio wa vitendo. Msomaji aliyeshika kifaa hutenda anaposoma, hasubiri nukta. Kwa hiyo lipe somo hili muda wa saa mbili na uweke dekio karibu: agizo letu lilisema "Geuza tangi baada ya kukaza kifuniko", na kijana akaligeuza alipofika neno la pili. Mstari wa mbele wote ulilowa.