Kombaini ikichemsha katikati ya mpunga, anza na rejeta

Msimu wa mavuno ukifika katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kombaini, yaani mashine ya kuvunia mpunga, ikilala jarubani nusu siku haimuumizi mwenyewe peke yake. Mpunga huvunwa vizuri ukiwa na unyevu wa kati ya asilimia 20 na 25. Ukipitiliza, punje zinapukutika shambani, na zile zinazofika kinuni zinatoa chenga nyingi. Kwa hiyo wakulima wote walio kwenye foleni ya mashine hiyo wanapoteza kitu, kila saa inayopita.

Sababu za kusimama ni nyingi, lakini ninayoipigia kelele kuliko zote ni injini kuchemsha, kwa kuwa inazuilika. Mara nyingi watu hukimbilia kusema mashine ni mbovu, au injini yake ni ndogo kwa mpunga wetu. Kabla ya kufika huko, fungua upande wa rejeta, kile kifaa kinachopoza maji ya injini, uangalie kama unaona mwanga upande wa pili.

Dizeli inayoungua haigeuki yote kuwa nguvu ya kuvuna. Theluthi moja hivi ndiyo inayozungusha ngoma ya kupura mpunga na kusukuma minyororo. Nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki inabebwa na maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta. Kombaini ya nguvu farasi 70 ikifanya kazi kwa uwezo wake wote inalazimika kutoa karibu kilowati 40 za joto kupitia mfumo wa kupoza, sawa na pasi za umeme zaidi ya 30 zikiwaka kwa pamoja. Joto lote hilo lina mlango mmoja tu: upepo unaovutwa na feni kupita katikati ya vibati vya rejeta. Na kombaini hutengeneza uchafu wake yenyewe. Makapi, majani makavu na vumbi la maganda vinaizunguka pande zote, na feni inavivuta. Asubuhi yenye umande vinanata. Vikikutana na oili inayovuja kidogo vinakuwa tope linaloganda, ambalo upepo wa kawaida hauliondoi.

Kusafisha kuna utaratibu wake. Zima injini, subiri feni isimame kabisa, kisha toa wavu wa nje na uufute. Rejeta yenyewe ipulizwe kwa upepo wa kompresa kutoka upande wa injini kuelekea nje, yaani kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Ukipuliza kutoka nje unausukuma ndani zaidi. Shika bomba limenyooka mbele ya vibati na usilikaribishe mno, maana vibati vikilala vinaziba njia ya upepo. Mashine yenye kipozeo cha oili mbele ya rejeta inataka uangalifu zaidi: uchafu hujificha katikati ya hivyo viwili, kwa nje unaona pasafi kumbe ndani pamejaa. Kama kipozeo kinafunguka kwa bawaba, kifungue. Maji yasitangulie kwenye vumbi kavu. Anza na upepo, na maji yenye sabuni yafuate mwisho wa siku injini ikiwa imepoa, kwa mpira wa kawaida. Mashine za kuoshea magari zenye presha kubwa zinakunja vibati.

Wavu ukaguliwe kila baada ya saa mbili au tatu za kuvuna, na shamba likiwa kavu lenye vumbi jingi, kila mzigo unapomwagwa. Ni dakika chache tu. Lakini dereva anayelipwa kwa ekari hana sababu ya kusimama, na tajiri anayempigia simu kila saa kuuliza amefikia wapi anamzidishia sababu ya kutosimama. Wenye mashine, hili ni lenu. Mwambieni dereva waziwazi kwamba muda wa kusafisha ni sehemu ya kazi, na mumlipe kwa namna ambayo kusimama hakumpunguzii posho. Fedha za silinda hedi mpya, kile kifuniko cha juu cha injini kinachoharibika ikichemsha, zingelipa posho hiyo kwa misimu kadhaa.

Aina ya mpunga nayo ina neno. SARO 5 ni mfupi na mara nyingi unasimama vizuri. Supa ni mrefu, na ukilala mashine inameza mabua mengi kwa punje zilezile. Hapo punguza mwendo na pandisha kisu kadiri masuke yanavyoruhusu. Dereva anayeng'ang'ania mwendo wa jana kwenye mpunga uliolala atachemsha hata kama rejeta inang'aa.

Tukija kwenye maji yenyewe, maji ya mfereji au ya kisima si ya kuwekwa kwenye rejeta. Chumvi na chokaa iliyomo hujenga ukoko ndani ya njia za maji, na ukoko huo unazuia joto kutoka kwenye chuma. Maji matupu pia yanaleta kutu. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu au kama kitabu cha mashine kinavyosema, na ibadilishwe kwa wakati. Kwa kulanti nyingi za kawaida ni kila miaka miwili.

Kifuniko cha rejeta watu wanakidharau. Usangu iko mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 97 tu. Kifuniko kizima chenye presha ya bar 0.9 kinapandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 117. Mpira wake ukichoka, umepoteza nyuzi 20 za usalama bila kujua. Ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe.

Kuna mazoea ya mafundi wetu ambayo siyaungi mkono kabisa: kung'oa themostati, yaani vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, mashine ikianza kuchemsha. Bila themostati injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili, na silinda zinaliwa. Kwenye baadhi ya injini ni mbaya zaidi, kwa sababu themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato; ukiitoa, maji mengi yanazunguka bila kupita kwenye rejeta na joto linapanda badala ya kushuka. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 82. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba katikati. Ukibonyea zaidi ya milimita 10 hivi, ukazwe.

Na geji ya joto ikipanda ghafla ukiwa kazini? Acha kuvuna, simamisha ngoma, acha injini izunguke taratibu dakika kadhaa ili maji yaendelee kupita na tabo (turbo) ipoe. Lakini mkanda ukiwa umekatika au maji yanamwagika, zima papo hapo. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Maji yanaruka na kuunguza uso na kifua. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, maana hedi inapasuka. Ikishapoa, jaza, washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na utazame: mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya hedi imeungua. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa inaonyesha maji yameingia humo. Usiendelee kuvuna hata jaruba moja. Kuanzia hapo kila dakika inakula beringi.

Mavuno yakiisha, toa makapi yote kuzunguka injini kabla ya kuiegesha, kwa sababu panya hujenga humo na kutafuna mipira na nyaya. Bonyeza mipira ya maji mmojammoja: uliolegea au kukakamaa uandikwe kwenye orodha ya kununua pamoja na vibano vyake, mkanda wa akiba na dumu la kulanti, vipatikane kabla kombaini haijarudi jarubani.