Kulea ndama wa maziwa toka anazaliwa mpaka anaacha maziwa, kwa sie wa Moshi na Arusha

Aisee wafugaji wenzangu, leo tuongee habari ya ndama maana kwenye banda hakuna anayeonewa kama yeye. Mtu anaita mtaalamu wa uhimilishaji, analipia mbegu nzuri ya NAIC, kile kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, anailea mimba miezi 9, alafu ndama akishatua tu hesabu inahamia kwenye maziwa ya kuuza, ndama anabakiziwa kilichobaki kwenye chuchu na anafungwa kona ya banda yenye matope. Miaka miwili baadae unamsikia analalamika mtamba (jike ambaye hajazaa bado) hajakua, hapandwi, mbegu ilikuwa feki. Mbegu ilikuwa nzuri tu jamani, ila huyo ndama alikuwa analala na njaa.

Tuanze na siku ya kuzaa. Akitoka tu safisha pua na mdomo apumue, muache mama amlambe, au kama mama hataki mkaushe na gunia kavu kwa nguvu kidogo. Kitovu usikipulizie dawa juujuu, weka iodini kwenye kikombe kidogo uchovye kitovu chote kiingie, rudia kesho yake. Kitovu ndo mlango wa vijidudu, ndama anaweza kuvimba magoti wiki mbili baadae ukadhani ameteguka kumbe iliingilia kitovuni.

Alafu dang'a, yale maziwa ya kwanza mama akishazaa. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mtoto wa ng'ombe anazaliwa hana kinga kabisa, kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga kwenda kwa ndama akiwa tumboni, kwahiyo kinga yote anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake unaipokea vizuri masaa machache ya mwanzo tu, kadri muda unavyoenda unafunga, ikifika masaa 24 hata umpe ndoo nzima haiingii tena kwenye damu. Kwahiyo ndani ya saa moja au mbili awe ameshaanza kunywa, na ndani ya masaa 6 awe amepata kama asilimia 10 ya uzito wake, yaani ndama wa kilo 35 anywe lita 3 na nusu hivi, unaweza kugawa mara mbili. Usimwachie tu mama ukasema atanyonya mwenyewe, wengi wanazaliwa usiku na asubuhi unakuta bado anatafuta chuchu, kamulia chupani umpe. Dang'a nzuri ni nzito na ya njano. Ikibaki gandisha kwenye friza, siku ng'ombe mwingine akifa kwa uzazi au akatoa dang'a nyepesi itaokoa ndama, ukiitoa iyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe maana moto unaua kinga. Yale mambo ya kukoroga yai na maziwa yanampa shibe tu, kinga hayana.

Baada ya siku ya 4 hivi unaingia kwenye maziwa ya kawaida, lita 4 kwa siku, 2 asubuhi 2 jioni, yakiwa na joto la mwilini, saa zilezile kila siku. Ndoo ioshwe na maji ya moto kila baada ya kunywesha, ndoo chafu na maziwa ya baridi ndo chanzo cha kuhara kwingi. Wiki 8 za mwanzo shikilia hizo lita 4, alafu punguza taratibu mpaka miezi 3. Ukijumlisha ni kama lita 300 kwa ndama mmoja. Najua zinauma, najua kituo cha maziwa kinalipa na ada ya shule inasubiri, lakini hizo lita ndo mtamba wako, hakuna njia ya kuzikwepa ukapata ng'ombe wa maana.

Sasa chakula, na hapa ndo penye kazi. Ndama anazaliwa tumbo kubwa bado halifanyi kazi, na kinacholiamsha ni nafaka pamoja na maji, sio majani mengi. Watu wengi wanadhani maziwa yana maji ya kutosha, hapana, maziwa yanapita pembeni yanaenda tumbo la nne, maji ya kunywa ndo yanaingia tumbo kubwa kuchachusha chakula. Weka maji safi toka wiki ya kwanza, na chakula cha ndama toka wiki ya 1 au 2, mpake kidogo mdomoni akimaliza maziwa azoee ladha, kilichobaki kesho mpe mama yake uweke kipya.

Ukichanganya mwenyewe kilo 100: mahindi yaliyoparazwa 40, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti 27, soya iliyokaangwa na kusagwa 10, madini ya mifugo 2, chumvi 1. Soya lazima ikaangwe, mbichi inazuia mmeng'enyo. Mashudu ya pamba usimpe, yana sumu ambayo ng'ombe mkubwa anaimudu ila ndama haiwezi, na chochote chenye urea weka mbali nae. Pumba zikinuka uvundo au zina ukungu usimpe mnyama yeyote, hata kama gunia umelipata kwa bei ya kutupa.

Majani yake yawe makavu na laini, hei nzuri au majani ya maharage yaliyokaushwa, na desmodiamu, lile jani la jamii ya kunde, kama unayo. Sie wa mlimani, Kibosho, Machame, Marangu huko, tumezoea migomba, lakini shina la mgomba karibu lote ni maji, ndama anajaza tumbo linaning'inia huku mgongo umekonda, na majani ya Guatemala yaliyokomaa ni magumu kwake, hayo yaache kwa wakubwa. Na wale wa upande wa Arumeru, Maji ya Chai na Ngurdoto, maji yenu yana floraidi nyingi, ndama anayeyanywa toka mdogo meno yanaharibika rangi na yanalika mapema, kama una bati vuna maji ya mvua umwekee yeye. Magadi nayo msiyafanye ndo madini ya ndama, mengi ya huku kwetu yana floraidi hiyohiyo, nunua jiwe la madini dukani.

Banda lake liwe peke yake, kama mita 1.2 kwa 1.5, sakafu ya mbao iliyoinuliwa au nyasi kavu zinazobadilishwa, upepo usimpige moja kwa moja. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 huku juu baridi ni kali na unyevu ndo unaleta kichomi, ila usizibe kila mahali maana harufu ya mkojo nayo inaumiza mapafu.

Akihara usimkatie maziwa siku nzima, anakufa kwa kukosa maji na nguvu. Mpe ORS ya dukani (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, lita 2 mara mbili kwa siku katikati ya milo, usichanganye kwenye maziwa. Macho yakizama, au ukivuta ngozi ya shingo inachelewa kurudi, au kuna damu, piga simu kwa bwana mifugo hapohapo, na antibiotiki za kubahatisha tuache.

Kupe kagua ndani ya masikio kila siku hasa masika, ndigana kali inaletwa na hao wa masikioni. Ukiona mitoki (tezi) imevimba chini ya sikio, joto limepita 40 na hataki kula, usisubiri kesho, dawa ya buparvakwoni inasaidia ikiwahiwa. Chanjo ya ndigana kali ipo na wafugaji wa kimasai wa kanda yetu wameitumia miaka mingi, ulizia kwa mtaalamu wako akuchanjie.

Kuachisha maziwa usiangalie kalenda peke yake, angalia anakula kilo 1 ya chakula cha ndama kwa siku, siku 3 mfululizo. Hapo ndo unaacha. Chakula kiendelee palepale, usimrudishe kwenye migomba siku hiyohiyo, na akiwa jike ongea na bwana mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba, ile ya S19 inachomwa kati ya miezi 3 na 8, ikipita hapo umechelewa.