Kabla hujaagiza mzigo nje: maneno ya Kiingereza ya kuyaweka sawa

Ukiwa na duka Mombasa, iwe Biashara Street, Marikiti au Kongowea, iko siku utachoka kununua kwa mwenye godauni na utataka kuagiza mwenyewe China, India au Uturuki. Vizuri. Lakini mtaandikiana kwa Kiingereza, na mara nyingi huyo muuzaji naye amejifunza Kiingereza ukubwani kama wewe. Kwa hivyo huhitaji Kiingereza cha kupendeza. Unahitaji maneno machache yasiyo na maana mbili, na uyaandike kabla hujatuma hata shilingi ya arbuni.

Tarehe, andika mwezi kwa jina. 05/06 kwetu ni tarehe 5 Juni, lakini Mmarekani ataisoma 6 Mei.

Idadi, taja na kipimo chake. Wa leso wananielewa: "piece" ni upande mmoja, doti ni "pair". Andika "500 pairs, 2 pieces in each pair", usije ukapokea nusu ya ulichokitarajia.

Sampuli, iombe kabla kiwanda hakijaanza kazi: "Please send a sample before production". Na uliza palepale nani analipa gharama ya kuituma.

Bei, acha "last price" hapa hapa sokoni. Muuzaji wa kiwandani hashuki kwa kubembelezwa, anashuka kwa wingi wa mzigo. Anza na "What is your best price for 600 pieces?" Akijibu, mwongeze: "If we take 1,000 pieces, what price can you give us?" Hilo "if" linakulinda, maana hujaahidi kuchukua elfu, umeuliza tu. Akikutajia MOQ, anakwambia kiasi cha chini anachokubali kuuza. Usikate tamaa, uliza "Can we mix colours and sizes?" Wengi hukubali kuchanganya rangi ndani ya kiasi hicho, nawe hutajaza duka kwa rangi moja.

Usiulize swali kwa kukanusha. Kiswahili ukimwambia mtu "Huna nyeusi?", akajibu "Ndiyo", umeelewa kwamba hana. Kwa Kiingereza chao Waingereza, asiye nayo hujibu "No". Mchina naye kwa lugha yake hujibu kama sisi. Sasa ukiandika "You don't have black?" naye akajibu "Yes", nani kati yenu anajua kilichojibiwa? Uliza kwa kukubali: "Do you have black? How many pieces?" Akikupa idadi, basi anayo.

FOB, CIF na EXW ni kanuni za biashara za kimataifa, toleo linalotumika sasa ni la 2020, na kila moja lazima ifuatwe na jina la mahali. EXW, unachukua mzigo mlangoni kwa kiwanda na kila kitu juu yako. FOB, anaupakia melini bandari ya kwao, nauli ya meli unalipa wewe. CIF Mombasa, analipa nauli na bima mpaka bandari ya Mombasa. Wengi hudhani CIF inamaliza kila kitu. Haimalizi. Ushuru, gharama za bandari na wakala wa kutoa mzigo Kilindini ni zako, na ushuru wenyewe unahesabiwa juu ya thamani ya CIF. Tena hata kwa CIF, mzigo ukishapakiwa kule kwao, hatari ya safari imehamia kwako. Bima hiyo ni ya kiwango cha chini tu, kwa hivyo uliza inafidia nini.

Sasa nije kwa neno lililoniumiza. "Ready".

Mwaka 2019 niliagiza nguo za watoto za Idd, kutoka China. Ramadhani ilikuwa inaanza wiki ya kwanza ya Mei, na Idd mwanzoni mwa Juni. Muuzaji aliniandikia: "Goods will be ready on 5 May". Nikasoma "ready", nikasikia "tayari". Na hapa kwetu mwenye godauni akikwambia mzigo uko tayari, unatuma mkokoteni ukachukue. Nikawaahidi wateja wangu wa rejareja kwamba mwanzo wa mfungo nguo ziko dukani. Wengine wakanipa pesa zao kabla.

Tarehe 6 Mei nikamwandikia, "Where are my goods?" Akajibu kwa adabu kabisa kwamba ziko tayari, nilipe salio asilimia 70. Zilikuwa tayari kiwandani. Hazijapakiwa, wala hazijatafutiwa nafasi kwenye kontena. Mimi salio nilipanga kulilipa mzigo ukishafika, maana sikuuliza. Nilihangaika siku nane kukopa kwa jamaa na majirani wa duka. Nilipolipa, kontena ya kuchangia ilikuwa imejaa, nikasubiri nyingine. Meli ilifika Idd imeshapita. Kumi la mwisho, siku ambazo Biashara Street huwezi kupita kwa watu, nilikaa dukani nikiwarudishia akina mama pesa zao mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa na watoto wanne na akanishukuru kwa kurudisha. Ile shukrani sijaisahau. Nguo kidogo nikauza Idd ya mfungo tatu, nyingi zikatoka kwa bei ya kuponya mtaji.

Nimerudia kuzisoma barua zile mara nyingi. Muuzaji hakunidanganya hata neno moja. Kwa hivyo leo siachi "ready" ipite peke yake. Nauliza maswali manne, kila moja kwa mstari wake: "Ready at the factory or at the port?" "On what date will the goods be loaded on the vessel?" "On what date will the vessel arrive in Mombasa?" "When exactly must we pay the balance?" Akijibu na "estimated" au "ETA", jua hiyo ni tarehe ya kukadiria, si ahadi, ongeza wiki mbili zako za tahadhari. Halafu uongeze siku za kutoa mzigo bandarini. Mwenye kuuza Idd ahesabu kurudi nyuma kuanzia Idd, si kwenda mbele kuanzia siku ya arbuni. Na aangalie mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi kwao.

"As soon as possible" haina tarehe, omba tarehe. "No problem" haina maana yoyote mpaka iambatane na idadi na siku. Mkizungumza kwa simu, siku hiyo hiyo andika "As we agreed on the phone today" ufuatishe mliyokubaliana, umwombe "Please confirm". Cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiulizie kabla ya kupakia, mzigo ukishaondoka umechelewa. Akaunti ya benki iwe ya jina la kampuni iliyo kwenye ankara. Ikija barua kwamba akaunti imebadilika, usitume chochote. Mpigie simu ya video kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, umwone uso. Na mazungumzo yote yahifadhi mahali pengine mbali na simu yako, simu hupotea kwenye feri ya Likoni kila siku.